Hamira Kwenye Udongo wa Fedha

Jumanne, 10 Juni
Udongo wangu umekufa! Nimechungulia pakiti nikakuta jiwe. Na huu si udongo wa vyungu. Ni fedha safi iliyosagwa ikakandwa na maji na gundi. Unaufinyanga, unauchoma, gundi inaungua, fedha inabaki. Mwezi jana nilimwonyesha Sally, nikausahau dirishani, pakiti wazi. Jua la mtaa wetu wa Huruma halijawahi kukausha hata soksi zangu, lakini udongo limeuona. Upendeleo mtupu.

Sally anahamia Eldoret Jumatatu, amepata kazi huko. Pete ya uchumba lazima iwe kidoleni mwake Jumapili baada ya kanisa. Nilimwambia nitaitengeneza kwa mikono yangu. Kununua ni kwa watu wasio na kipaji.

Jumatano, 11 Juni
Nimetwanga asubuhi nzima. Ooko wa orofa ya juu akashuka bila kuitwa. Huyu hutengeneza hereni mbili tatu na kujiona fundi wa dunia nzima. Akasema nisage hadi uwe laini, nichekeche, nitie maji tone moja moja, kisha tone la gliserini, nikande ndani ya nailoni, nifunge vizuri na niuache hadi kesho.

Gliserini! Ile ya kupaka visigino! Ati nimpake Sally mafuta ya visigino kidoleni. Ananiona mjinga. Ni Ooko huyuhuyu aliyemwazima Sally mwavuli mwezi wa nne na hajaudai mpaka leo. Mwanamume hasahau mwavuli bure.

Alhamisi, 12 Juni
Nimepata jibu, na sikumuuliza mtu. Hapo chini Mama Mukai hukaanga mandazi. Jioni kinyunya chake ni kidogo, asubuhi kimejaa beseni. Nimesimama pale nikafikiri mpaka akaniuliza kama nanunua au nalinda.

Kama ngano hufura, fedha inashindwa na nini? Udongo wangu unatosha pete moja nyembamba. Ukifura, natoa pete nene na hereni zake juu. Nikamwomba hamira kidogo. Akataka kujua napika nini, nikamwambia ni siri ya biashara. Akasema kwa miaka yote hajasikia mandazi ya siri.

Nimekanda kwa maji ya uvuguvugu, hamira, na sukari ya kuiamsha. Nimefunika kwa kitambaa kibichi kando ya jiko. Gliserini nimemwachia Ooko na visigino vyake.

Ijumaa, 13 Juni
Umefura! Si sana, lakini umefura. Laini kama shavu la mtoto. Nimefinyanga pete nene ya heshima, nikaianika ikauke. Hereni zimekataa kutosha, nitaonana nazo baadaye.

Ooko amepita mlangoni, akanusa, akauliza kama siku hizi naoka mkate. Nimemfungia mlango. Wivu unanuka kuliko hamira.

Jumamosi, 14 Juni
Nimechoma pete kwenye gesi ya Mama Mukai, juu ya wavu wa chuma. Amenung'unika kwamba wateja watalalamika mandazi yana harufu. Watu hawajui wanapokaa karibu na historia.

Pete imetoka nyeupe. Nimeisugua kwa brashi ikang'aa. Ina vitobo vidogo vidogo kila mahali, nimeamua ni mtindo. Pia ni nyepesi ajabu. Sally hapendi vitu vizito.

Jumapili, 15 Juni
Nimeonewa.

Nilimngoja Sally nje ya geti la kanisa. Nikatoa pete. Kabla sijafungua mdomo, akaichukua na kuivaa mwenyewe. Ilipofika kwenye kifundo cha kidole, pah! Vipande vitatu chini. Na Ooko alikuwa palepale. Alikuwa anafuata nini palepale? Akainama, akaokota kipande, akakitazama ndani, akakipangusa vumbi, akanipa. Bora angetukana.

Sally hakucheka. Hilo ndilo lililoniuma. Alinishika mkono akasema, "Thuo, achana na pete. Niulize tu."

Nikamwambia jambo kubwa kama hilo haliulizwi mikono mitupu, anipe wiki moja niirekebishe. Akasema hana wiki, ana kesho asubuhi. 

"Hapa hapa, Thuo. Bila pete. Niulize."

Nikaanza kumweleza habari za hamira. Akauachilia mkono wangu, akaenda kumalizia kufunga mizigo. Mtu unamwonyesha bidii yote hiyo, naye anataka maneno!

Jumatatu, 16 Juni
Ameondoka. Nilifika stendi basi likiwa linawashwa, kwa sababu nilikuwa natwanga vipande. Ooko alikuwa ameshambebea sanduku. Sally akamrudishia mwavuli wake kupitia dirishani, akamshukuru kama mtu anavyomshukuru jirani. Kisha akaniambia mimi kwamba simu yake haitazimwa, mchana wala usiku. Macho yalikuwa mekundu. Vumbi la stendi ni baya sana.

Njiani kurudi Ooko akaniambia nimpigie leo leo. Yeye ni nani wa kunipangia? Nimeishika simu mara kadhaa, nikaiweka chini. Nimpigie nimwambie nini, na kidole chake kiko wazi?

Lakini kosa nimelijua. Hamira ni ya ngano, fedha haiijui. Kitu kikavu hulainishwa kwa magadi, kila anayechemsha maharagwe anajua. Nimetia vipande kwenye sufuria, magadi vijiko viwili, na moto.

Simu imeita jioni, ikakatika, ikaita tena. Alikuwa Sally. Sikuweza kupokea, mikono yangu ilikuwa imejaa magadi.