Maziwa ya Ngamia Njia ya Habaswein

Jamaa zangu wa Malindi,

Leo heshima yangu imebaki porini, mahali fulani kabla ya kufika Modogashe. Mkipita mtaiona. Imenasa kwenye mchongoma, upande wa kushoto.

Nawaandikia nikiwa nimekalia upande mmoja. (Miiba. Subirini, nitafika huko.) Barua nitampa dereva wa lori la ng'ombe anayeteremka huko kwenu. Isomeni nyote mara moja, nisije nikaanza kuulizwa na mmoja mmoja.

Mnakumbuka nilipoondoka nilisema naenda kuiangalia Garissa tu, kisha nirudi. Basi nimeiangalia mpaka nimepata kazi, kwa Hussein, mwenye ghala la sukari na mchele. Tajiri wangu huyo alikuwa na dada mmoja. Alikuwa, maana juzi amefia hospitalini, akazikwa alasiri ile ile. Ameacha watoto watatu: Hodan, msichana wa miaka minane, Bishar, wa sita, na Ifrah, kadogo ka miaka minne. Baba yao yuko mbali na malori, mpaka sasa habari inamtafuta.

Watoto hawajaambiwa. Siku ya mazishi walipelekwa kwa jirani, wakaambiwa mama yao bado anatibiwa. Hussein akaamua wapelekwe Habaswein kwa bibi yao, mama mzazi wa marehemu, awaambie yeye. "Mimi sina mdomo ya kusema hiyo maneno," aliniambia. Kisha akanikazia macho.

"Kombo, wewe ni mtu ya maneno mingi. Kazi yako ni moja. Wacheke mbaka Habaswein. Wakicheka hawataulizia hooyo."

Hooyo ndiye mama.

"Na wakiulizia?"

"Wachekeshe zaidi."

Nikasema hiyo ni kazi rahisi. (Sijui kwa nini mdomo wangu huwa unatangulia.)

Mnanijua. Karatasi iliyofungiwa njugu huwa naisoma kwanza ndipo nile njugu. Sasa kulikuwa na karatasi moja niliyoiweka, ya gazeti la wanawake la Nairobi, iliyoeleza namna ya kuifanya safari ndefu ya gari iwe tamu kwa watoto. Wape michezo ya kutazama nje ya dirisha. Wapatie kitu kipya cha kuchezea kila wakianza kuchoka. Beba vyakula wanavyovipenda, uwape kidogo kidogo. Simamisha gari kila mara wanyooshe miguu.

Nikajipanga kama ofisa. Nilimtengenezea Bishar gari la mikebe lenye magurudumu ya kandambili. Nikashona mpira wa soksi. Nikanunua tikiti maji la mtoni, nikalikata vipande. Na kwa sababu ya Ifrah, nikaenda sokoni kwa akina mama wa maziwa.

Ifrah ndiye aliyekuwa ananinyima raha. Tangu mama yake alazwe, alikuwa hali. Ukimpa anjera, ule mkate wao laini, anaishika tu mpaka inakauka mkononi. Hodan aliniambia mama yao ndiye aliyekuwa akimnywesha maziwa ya ngamia, kikombe kidogo, kila asubuhi. Nikasema basi, nimepata. Nikachagua mtungi mdogo wa plastiki, maziwa ya ngamia matupu, yananukia moshi.

Yule mama wa maziwa akanitazama.

"Ya nani hii?"

"Ya mtoto. Na mimi nitaonja."

"Wewe umezoea?"

"Mama, mimi ni mtu wa bahari. Tumbo langu limezoea kila kitu."

Akalitazama tumbo langu, akasema "Haya, inshallah," kwa sauti ya mtu anayemwombea mgonjwa.

Leo asubuhi kwenye kizuizi cha polisi magari yalikuwa yamejipanga: mabasi, malori yenye watu juu ya magunia, na Landrova yetu katikati, Hussein kwenye usukani. Huku hamna kusafiri peke yako. Barabara ina majambazi, kwa hiyo magari yote huenda kwa msafara, askari wenye bunduki mbele na nyuma. Wao huita eskoti. Afande mmoja mwenye sauti ya redio akapita dirisha kwa dirisha akitoa sheria. Hakuna kupita gari la mbele. Hakuna kusimama mpaka Modogashe. Ukiona hatari, washa taa na ushikilie honi usiachie.

Hakuna kusimama! Lile gazeti halikuwa na habari ya eskoti. Nikawapeleka watoto wote watatu kichakani kabla hatujaondoka, mmoja mmoja, kama daktari. Nikajiona fundi wa safari. Mimi mwenyewe sikwenda. (Nilikuwa najisikia vizuri.)

Tukaondoka na vumbi. Nikaanzisha mchezo wa kwanza: nani ataona digidigi wa kwanza. Jamani, usishindane macho na watoto wa wafugaji! Bishar aliona digidigi, swala, mbweha, na mzee aliyelala chini ya mti mbali kama kutoka kwenu mpaka gerezani. Mimi niliona jiwe.

"Adeer, wewe unaangalia wapi?" akaniuliza. Huku mtu mzima yeyote ni adeer, baba mdogo.

"Naangalia huko huko."

"Macho yako ni ya kuazima?"

Akacheka, Hodan akacheka. Ifrah hakucheka. Amekaa katikati, miguu haifiki popote, kipande cha tikiti kinamdondokea kwenye gauni. Akageuka akamuuliza dada yake kitu kwa Kisomali. Nikasikia hooyo. Roho ikaniruka. Nikadaka mtungi.

"Mchezo mpya! Mimi nakunywa kimoja, Ifrah anakunywa kimoja. Atakayetoka na masharubu meupe ndiye chifu."

Nikamimina, nikanywa, nikageuza uso kuonyesha masharubu. Bishar akapiga makofi. Ifrah akatikisa kichwa. Nikanywa kingine kwa kufumba jicho moja. Akatikisa kichwa, lakini alikuwa ananitazama. Cha tatu nilikinywa kwa kuguna kama ngamia. Hapo pembe ya mdomo wake ikasogea. Kidogo! Kama kitu kinachotaka kutoka kikaona haya.

Basi mimi kwa ajili ya ile pembe ya mdomo, nikanywa kingine. Na kingine. Mtungi ukapungua, masharubu yakaongezeka, mtoto hajagusa hata tone.

Hussein akanitazama kwenye kioo cha dereva.

"Kombo. Hiyo maziwa umezoea?"

"Nimezoea."

"Tangu lini?"

"Tangu asubuhi."

Akasema neno moja la Kisomali ambalo sikuliuliza maana yake.

Jamaa zangu, tumbo halikuanza kwa kelele. Lilianza kwa heshima, kama mgeni anayebisha hodi. Halafu likabisha tena. Halafu likaacha kubisha, likaanza kusukuma mlango. Barabara nayo mawimbi matupu, kila wimbi Landrova inaruka, nami nimebana kila kinachobanika. Jasho likanitoka mpaka kwenye visigino.

"Tajiri, simama kidogo."

"Siwezi."

"Kidogo tu, tajiri."

"Warya, hii ni eskoti, siyo harusi! Nikisimama bolisi watafikiri tumevamiwa."

"Tajiri, mimi ndiye nimevamiwa."

Bishar akaniegemea. "Adeer, huu ni mchezo gani?"

"Wa kunyamaza," nikasema meno yamebana.

Wote wakanyamaza, wananitazama mimi tu. Hata Ifrah. Kisha tukaingia shimo kubwa, nikatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa binadamu. Hussein akageuka akaniona uso.

"Kwa gari yangu hapana! Hapana, wallahi!"

Akawasha taa. Akashikilia honi.

Nilichokianzisha sasa ni hiki. Msafara mzima ulifunga breki, moja nyuma ya nyingine, vumbi likatufunika. Askari wakaruka chini wakalala kifudifudi, bunduki zikielekea porini. Watu wakashuka kwenye magunia kama maembe yaliyotikiswa, wakaingia chini ya malori. Mama mmoja alianza kusoma shahada kwa sauti. Mimi sikuona lolote kati ya hayo. Niliona kichaka kimoja tu duniani. Nikafungua mlango nikakimbia, nimeshika kikoi kwa mikono miwili.

Sasa jiwekeni kwenye nafasi ya askari aliyeniona. Hatari imetangazwa. Na mtu mmoja, hamjui, anatoka mbio kwenye gari kuelekea porini. Mtu huyo ni nani, kama si mwenzao majambazi?

"Simama! Mikono juu!"

"Afande, nina—"

"Mikono juu au napiga!"

Akakoki bunduki. Ule mlio, jamani, unaumaliza ubishi wote.

Nikainua mikono.

Kikoi hakina mkanda. Ninyi mnavaa, mnajua. Kikoi ni imani tu. Kilishuka polepole, kikasimama kidogo magotini kama kinafikiria, kikaenda zake. Na tumbo, ambalo lilikuwa limenivumilia tangu kikombe cha kwanza, likaona mikono iko juu, likadhani ni ruhusa.

Pale pale. Mbele ya mabasi mawili, malori sijui mangapi, na Serikali ya Kenya. Mikono juu. Nikarudi nyuma kwa aibu, nikakaa juu ya mchongoma.

Watu wakachungulia kutoka chini ya malori.

Afande mwenye sauti ya redio akaja mpaka umbali fulani, akaamua umbali ule unatosha.

"Wewe ni nani?"

"Mimi ni mwangalizi wa watoto, afande."

"Umesimamisha eskoti nzima..." Akashindwa kumaliza. Akajaribu tena. "Majambazi wako wapi?"

Chini ya lori ikatoka sauti ya bibi mmoja mzee: "Mwache, mtoto yangu! Hiyo ni maziwa ya ngamia imemkamata!"

Basi. Kicheko kikaanzia kwa askari aliyelala karibu yangu, bunduki ikimtetemeka begani. Kikaenda kwenye malori, kikaenda kwenye mabasi. Watu waliokuwa wakisoma shahada dakika ile walikuwa wamelala chali wakijipiga mapaja. Na katikati ya kelele ile nikasikia kicheko kimoja chembamba, cha kukwamakwama, kama bomba lililokaa muda mrefu bila maji. Ifrah alikuwa amesimama kwenye kiti, kichwa nje ya dirisha, amejishika tumbo.

Nikacheka na mimi, mikono bado juu. (Hakuna aliyeniambia niishushe.)

Bibi wa chini ya lori alinirushia birika la maji na shuka kuukuu. Hussein alitandika gunia kwenye kiti changu, kwanza moja, kisha akafikiri, akaongeza la pili. Tukaendelea.

Ifrah hakuacha kucheka. Ananitazama, anainua mikono juu, anaanguka kwa kucheka. Bishar anamfuata. Halafu yeye mwenyewe, bila kubembelezwa na mtu, akanyoosha mkono kwenye mtungi. Hodan akammiminia. Akanywa kikombe chote. Akaongezwa, akanywa, akatoka na masharubu meupe.

Nikamtazama Hussein kwenye kioo. Alikuwa anatabasamu kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Nikajisemea, Kombo, umeumbuka lakini kazi umeifanya.

Hapo Ifrah akafuta mdomo, akasema kwa Kiswahili ili nami nisikie:

"Hooyo akitoka hosbitali nitamwambia. Nitamwonyesha adeer alifanya hivi." Akainua mikono.

Tabasamu la Hussein likaondoka. Akabadilisha gia ambayo haikuhitaji kubadilishwa. Mimi, mtu wa maneno mengi, nikaushika mpira wa soksi, nikaurudisha chini. Hakuna mchezo wa kulifunika hilo. Hakuna gari la mikebe.

Hodan ndiye aliyejibu.

"Ndiyo, utamwambia," akasema. "Sasa maliza maziwa."

Aliisema vizuri, kama mtu mzima. Kisha akanitazama juu ya kichwa cha mdogo wake, akaweka kidole mdomoni. Nikaelewa kuwa anajua. Sijui amejuaje, labda kwa jirani alisikia vilio. Lakini alikuwa ameingia ndani ya gari lile asubuhi akijua, na njia nzima amekuwa akicheka vichekesho vyangu ili wadogo zake wacheke.

Kutoka pale mpaka Habaswein nilichekesha kwa nguvu zangu zote, naye alicheka kwa nguvu zake zote, na hatukutazamana tena.

Bibi yao alikuwa amesimama mlangoni. Bishar alimkimbilia na gari lake la mikebe, Ifrah akimwonyesha mikono juu kabla hata ya salamu. Akawaingiza ndani wote watatu, mlango ukafungwa. Hussein akaenda kukaa upande wa pili wa Landrova. Mimi nikabaki na mpira wa soksi. Kwa muda kicheko cha Ifrah kiliendelea kusikika. Baadaye hakikusikika.

Nilipewa kazi moja, wacheke mpaka Habaswein, na wamecheka mpaka Habaswein. Sijawahi kufaulu vibaya namna hii.

Basi chekeni, sikatazi. Mkishamaliza, mmoja wenu apite kwa mama yangu, amwambie mimi ni mzima na ninakula. Habari ya kikoi msimpe.