Mji Wetu Hauna Maiti

Jumatatu, 3 Machi
Mhariri kapiga simu. Riwaya yangu ya upelelezi imeandikwa vizuri, kasema, ila siri iliyofukiwa katika mji mdogo mtulivu haionekani. Kurasa mia tatu watu wanachimba, hawapati kitu! Kanipa hadi Ijumaa nilete siri. Mke wangu kasikia. Siri isipopatikana, kasema, Jumatatu ijayo nikaanze kazi kwa kaka yake, duka la vifaa vya ujenzi. Kupima misumari. Mimi! Mtu niliyemaliza maktaba nzima ya mji, pamoja na vitabu vya kilimo cha vitunguu!

Kosa si langu, ni la mji. Watu wanalala mapema, wanasalimiana, hawauani. Fasihi itaota wapi?

Jumanne, 4 Machi
Nimepata mbinu! Nimemnong'oneza kinyozi kwamba riwaya yangu inafichua kila kilichofukiwa mjini humu, kwa majina. Nikamwapisha asimwambie mtu. Kumwapisha kinyozi ni sawa na kupiga mbiu. Mwenye damu mikononi atatetemeka, nami nitakuwa dirishani na kalamu.

Kufikia jioni muuza maziwa hakuitikia salamu yangu. Dalili njema.

Jumatano, 5 Machi
Balaa. Wageni tangu asubuhi, siandiki hata mstari. Kwanza fundi cherehani, analia. Eti suti ya harusi ya mwenyekiti wa mji aliishona kwa yale mapazia ya ukumbi yaliyopotea. Nikamwambia, ndugu yangu, natafuta damu, wewe unaniletea mapazia!

Akafuata mwalimu mkuu mstaafu, hasimu wangu, yule ambaye riwaya yake ya mapenzi inauzwa hadi duka la dawa. Kakiri kwamba aliyeiandika ni mkewe. Nikamfukuza. Anatafuta njia ya kuingia kitabuni mwangu bure.

Usiku mke wangu kanisihi niiache riwaya. "Baba watoto, ya kale hayanuki. Unayachimbua ya nini?" Macho mekundu. Hana imani na kipaji changu, maskini.

Alhamisi, 6 Machi
Leo seremala wa majeneza. Kavua kofia, kafunga mlango mwenyewe. Kasema mzigo umemshinda: jeneza la baba mkwe wangu, tulilozika miaka ile bila kulifunua, lilijaa matofali. Mzee hakufa! Alihamia mji wa pili kwa mjane mwenye karakana ya mishumaa. Familia ikaona aibu, ikaona heri afe. Mke wangu anajua. Shemeji ndiye aliyetoa matofali.

Nilicheka hadi nikapaliwa. Bwana wee, jeneza lile nililibeba mimi! Lilikuwa zito kama jeneza lolote la mtu mwenye heshima zake. Na msomaji wa leo si mtoto, nani atameza habari ya marehemu anayeuza mishumaa? Seremala kajibu, "Haya, mimi nimeshatua." Nikamsindikiza mlangoni.

Kisha nikaandika mwisho wa kweli: muuaji ni pacha wa mpelelezi, aliyelelewa kisimani. Nywele zilinisimama.

Jumamosi, 8 Machi
Mhariri hamtaki pacha. Nikamweleza nilivyosumbuliwa, nikamtajia kwa dharau yule seremala. Hapo akapiga ukelele: hiyo ndiyo riwaya! Niiandike hiyo, muda ataniongeza! Nikamkatia simu. Nimepigana na wahariri wa kila namna, lakini huyu ni wa kwanza kuabudu umbea.

Jumatatu, 10 Machi
Misumari. Si kitu, kila mwandishi mkubwa aliteseka kwanza.

Asubuhi kaingia mzee wa watu, ananukia nta, kafanana kidogo na marehemu baba mkwe, kanunua bawaba moja. Shemeji kamwita "Baba". Heshima kwa wazee bado ipo! Mke wangu, aliyekuwa ameleta chai, kamkumbatia mzee, kalia, kacheka. Ana moyo mwepesi kwa wateja. Mzee kanishika mkono: "Mwanangu, nasikia unaandika kitabu. Ukiniandika, niandike kwa wema." Nikamtuliza. Mzee wangu, humo haumo hata kwa mstari mmoja. Akashusha pumzi. Mke wangu kanibusu mbele ya wateja, jambo ambalo hajalifanya tangu fungate.

Basi anaamini tena kipaji changu! Nimeanza riwaya mpya leo leo, nyuma ya mizani. Nimeihamishia jiji kubwa, kwenye familia zenye siri.