Kikombe cha Pili

Jumatatu, 9 Juni

Nimeshindwa tena. Wiki ya tatu mfululizo! Karakana yetu ya samani inafungwa saa kumi na nusu, lakini hatuendi nyumbani kama watu wenye akili zao. Tunakaa juu ya mbao tukitegeana mafumbo. Mmoja anasimulia kisa cha ajabu, wengine wanauliza maswali, naye ana majibu matatu tu: ndiyo, hapana, haihusu. Ijumaa anatangazwa bingwa, na wiki nzima inayofuata anakunywa chai ya saa nne kwenye kochi jekundu, lile ambalo mteja alilileta mwaka juzi asirudi tena. Nililivalisha kitambaa mimi. Kwa mikono yangu! Na anayelikalia ni mpiga vanishi wetu, tunayemwita Msasa kwa jinsi anavyokwaruza watu kwa maneno.

Fumbo lake la leo: mtu kanunua kitanda kipya, kachukua msumeno, kaipunguza miguu miwili ya upande mmoja, na siku hiyo kalala fofofo. Kwa nini? Nikasema mkewe mnene. Hapana. Basi mkewe mwembamba. Haihusu. Kumbe sakafu ya nyumba yake imeinama! Walinicheka mpaka vumbi la mbao likapanda. Miaka ishirini kwenye samani, leo nashindwa na sakafu.

Nimefika nyumbani saa moja kasoro. Mke wangu alikuwa anapanga michoro ya watoto anaowafundisha chekechea. Kwenye kichanja cha vyombo, vikombe viwili vimelowa. Tunaishi wawili tu tangu binti yetu aolewe mwezi wa kwanza. Sikuuliza.

Jumanne, 10 Juni

Mpango! Msasa huandika mafumbo yake kwenye daftari dogo, na akienda kunawa huliacha mfukoni mwa ovaroli. Leo nimelisoma. Si wizi, ni utafiti. Fumbo la kesho: bibi kasikia bomba linavuja chumba cha pili, kapiga vigelegele. Jibu: maji yalikuwa yamekatika wiki tatu. Kochi jekundu, nakuja!

Nyumbani, vikombe viwili tena. Nimevigusa, bado vibichi kabisa. Kimoja ni cha mke wangu. Cha pili ni kile changu cha bluu. Yaani mgeni anakuja kwangu nikiwa sipo, na bado ananywea kikombe changu! Watu wana moyo.

Jumatano, 11 Juni

Balaa. Msasa alipofumbua mdomo tu nikapaza sauti: maji yalikatika! Kumbe alikuwa anauliza nani kachukua brashi yake. Akatoa daftari, akalitazama, akanitazama. Sasa naitwa Bomba. Msimamizi wetu, mama mpole asiyependa makelele, amesema nikirudia ananitoa mchezoni.

Jioni nikaamua kumhoji mke wangu kwa kanuni zilezile. Akaweka kalamu chini, akakunja mikono kama anavyowafanyia wale watoto wake. Nikauliza kama kuna mtu anakuja kunywa chai hapa. Hapana. Kama kuna mtu anayengojewa. Ndiyo. Mwanamume? Ndiyo. Je, mimi namjua? Akasema hata yeye angependa kulijua hilo. Nikamkumbusha kanuni. Akasema haihusu. Mwishowe nikauliza kama anampenda. Ndiyo, akasema, akatoka kwenda kuanua nguo.

Miaka ishirini na nane ya ndoa. Roho imeniuma kweli, wala si mchezo.

Alhamisi, 12 Juni

Nimemuaga msimamizi saa kumi, nikasingizia homa. Nikajibanza nyuma ya tangi la maji, dirisha la jikoni mbele yangu. Saa kumi na moja kamili mke wangu akamimina chai, vikombe viwili. Akakaa. Akachungulia barabarani. Akanywa chake taratibu, akachungulia tena. Cha bluu kilipopoa, akaumwagia chai yake mche ulio dirishani, akaosha vyote viwili. Hakuja mtu.

Nikatoka mafichoni na majani kichwani, nikauliza yuko wapi huyo bwana. Alinitazama kuanzia juu mpaka chini. Akasema bwana mwenyewe ndiye huyu, amechelewa miezi mitano. Akanikumbusha kwamba siku binti alipoondoka niliahidi mwenyewe, mbele ya masanduku yake, kuwa kila siku saa kumi na moja tutakunywa chai pamoja ili nyumba isitulemee. Mimi nilisahau. Yeye hakusahau.

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Akachemsha chai nyingine, tukanywa. Sikujua nyumba yetu ilivyo kimya saa hizo. Unasikia mpaka saa ya ukutani ya jirani. Na yeye hukaa humu peke yake, siku zote hizi. Nimemuapia: kesho saa kumi na moja nitakuwa kwenye kiti hiki hiki. Akasema haya, tutaona.

Ijumaa, 13 Juni

NIMESHINDA! Nilikuwa na nia ya kuondoka, Mungu ni shahidi, mfuko ulikuwa tayari begani. Lakini Ijumaa ndiyo siku ya kutangaza, na fumbo nilikuwa nalo, la dhahabu! Mwanamke yuko peke yake, kila siku anaosha vikombe viwili, na hakuna mgeni. Nikasema nalitega haraka, naondoka. Sasa wao ndio hawakulifumbua haraka. Msasa peke yake aliuliza maswali arobaini. Mzimu? Hapana. Paka? Hapana. Kikombe kimoja kinavuja? Haihusu.

Nilipotoa jibu, seremala wetu akavaa kofia akaondoka mbio bila kuaga. Msasa alifuta macho, akasema ni vanishi. Msimamizi akaniuliza kwa upole, huyo mume leo yuko wapi. Nikamjibu haihusu.

Nililikalia kochi jekundu mpaka giza likaanza kuingia. Springi moja inachoma.

Nimefika nyumbani saa moja na nusu na habari zangu njema. Mke wangu akasema hongera, bila kuinua macho kwenye michoro yake. Nikaenda jikoni. Ajabu! Kwenye kichanja, kikombe kimoja tu kimelowa. Changu cha bluu kiko juu ya kabati, kikavu, kimefunikwa. Hakikuvunjika. Hakina hata ufa.

Nimekaa nikiwaza, jibu silipati. Lakini hili ni fumbo safi kuliko lile la kwanza. Jumatatu nitabaki karakana tulifumbue pamoja, hata tukichelewa.