Golikipa wa Dharura wa Kettle Narrows

Kamati ya Historia na Matarajio ya Klabu ya Bata Bukini ya Kettle Narrows, ambayo mimi ni katibu wake, ina heshima kuutangazia umma kwamba timu yetu ya hoki ya barafu imetimiza miaka arobaini katika ligi ya kulipwa. Historia yake ni tukufu. Pia imewahi kushinda.

Matarajio ndiyo yaliyotutoa jasho. Mwenyekiti wetu, Bwana Murray Thorvaldson, alipitisha azimio kwamba tusiposhinda mechi ya mwisho ya msimu, timu ihamishiwe mji mkubwa wa kusini "ili kusogeza huduma karibu na washabiki". Washabiki wote wanaishi Kettle Narrows. Mwenyekiti ndiye aliyejenga kusini. Kamati haikuona uhusiano wowote.

Aliyepinga ni Doreen Hrynkiw, dereva wa mashine ya kusawazisha barafu kwa miaka thelathini na mmoja.

"Mkiipeleka timu, nisawazishe barafu ya nani? Ya samaki?" alituuliza huku machozi yakimtoka. Machozi hayo tuliyaandika kwenye kumbukumbu za kikao, chini ya Mengineyo.

Doreen alikuwa pia golikipa wetu wa dharura. Kanuni ya ligi inamtaka mwenyeji aweke mtu mmoja jukwaani, na timu yoyote itakayoishiwa makipa, hata ya wageni, imchukue huyo. Nafasi hiyo ina kiti karibu na kioo, na chipsi za mchuzi na jibini bure. Mwaka jana Mwenyekiti alipoziona zile chipsi, alimstaafisha Doreen kwa waraka na kujiteua mwenyewe. Hakuwa na wasiwasi. Kwa miaka arobaini golikipa wa dharura alikuwa hajaitwa hata mara moja.

Jumamosi mchana, katika mechi hiyo ya mwisho, tukakutana na timu ya Mbweha wa Birch Portage. Kipindi cha pili kipa wao alichanika msuli wa paja. Kipindi cha tatu kipa wa akiba akaanza kutapika soseji za safarini. Walikuwa wanatuongoza manne bila. Kocha wao akapanda jukwaani na fomu mkononi.

"Golikipa wa dharura nani hapa?"

Jukwaa zima likamwonyesha Mwenyekiti kidole.

"Mimi ni wa kiutawala," alisema, mdomo umejaa chipsi.

"Sahihi hii ya nani, mzee?"

"Yangu, lakini..."

"Basi vaa. Bila kipa tunanyang'anywa ushindi."

Mwenyekiti akawaza haraka. Mbweha wakinyang'anywa ushindi, timu haihami. Akavaa.

Doreen alimfunga mikanda.

"Chukua wewe, Doreen, unajua kudaka!"

"Mimi si mstaafu, baba? Kwa waraka wako mwenyewe. Haya, inua mguu."

Niseme kweli, alijitahidi. Sijaona mtu akitaka Bata Bukini wafungwe kwa moyo wote namna ile. Tatizo ni kwamba hakuwa amevaa viatu vya barafu tangu utotoni, akawa amekumbatia mlingoti wa goli. Bao la kwanza lilipita akiwa bado anaitafuta miguu yake. La pili alilidaka vizuri kabisa, akaanguka nalo ndani ya goli. La tatu alikuwa akimsomea refa kanuni. La nne hata yeye hajui. Zikiwa zimebaki sekunde tisa, kisahani, ambacho ndicho mpira wa hoki, kilimgonga makalio na kuingia.

Tano kwa nne. Watu wazima walilia, na mimi nikiwemo, kwa wadhifa wangu.

Kwa desturi, mechi ikiisha mtangazaji huwaita nyota watatu wa siku hiyo, watoke wapunge mkono.

"Nyota wa kwanza," alitangaza, "Murray Thorvaldson!"

Uwanja ukasimama. Mwenyekiti akatoka, akapunga, akaanguka, akateleza chali mpaka mbele ya mashine ya Doreen.

"Jivute pembeni, Murray. Watu tuna kazi."

Kutokana na mchango huo, Kamati imemthibitisha Bwana Thorvaldson kuwa golikipa wa dharura wa maisha, na kumpumzisha uenyekiti ili asizidiwe na majukumu. Azimio la kuhama limehifadhiwa chini ya Mengineyo. Chipsi anapelekewa Doreen.