Mguu wa Herufi

Jumatatu, 3 Machi
Baba mkwe anapaka nyumba yake rangi, kwa hiyo ameniachia sarafu yake adimu niitunze hadi maonyesho ya Jumamosi. Mimi! Hajawahi kuniachia hata mwavuli. Alinieleza kwa kirefu kuhusu herufi ndogo iliyopigwa chini ya mwaka, inayoonyesha kiwanda kilichotengeneza sarafu. Kuna ambazo mguu wa herufi unagusa mwaka, na kuna ambazo haugusi. Aina moja ni ya kutafutwa kwa tochi, nyingine kila mtu anayo. Niliitikia naam, naam, huku nikiwaza yangu.

Maana ninayo ile ya kila mtu, ya mwaka uleule. Mpango: nimrudishie yangu, yake niionyeshe kwa jina langu. Macho yake yamechoka, hatagundua. Na ukweni nitaheshimiwa hatimaye.

Jumanne, 4 Machi
Nimetia nukta ya wino kwenye yangu ili zisichanganyike. Akili ni mali. Baada ya chai nikakumbuka kwamba wino huharibu sarafu, nikaifuta taratibu kwa kitambaa laini. Nikaziweka zote mbili kwenye kisahani, safi, zinapendeza.

Ndipo nikaelewa nilichofanya. Nikakaa chini.

Jumatano, 5 Machi
Baba mkwe kapiga simu. Anasema atakuwepo mkaguzi mwenye lenzi, atakayepima kila sarafu mbele ya watu na kutangaza ni ya aina gani. Jasho lilinitoka hadi kwenye soksi. Mpango umekufa. Sasa nataka tu kumrudishia mzee chake niishi kwa amani.

Mke wangu ananusa jambo. Kasema nikithubutu kuchezea mali ya baba yake, nifunge virago, na nisirudi hadi mzee anisamehe. Mzee huyo bado hajanisamehe kwa kuchelewa siku ya posa.

Alhamisi, 6 Machi
Nimeazima lenzi kwa fundi saa, naye ni mkusanyaji wa sarafu, mtu wa majigambo. Ajabu, tofauti inaonekana waziwazi. Hii mguu unagusa, hii haugusi. Nilifurahi kupita kiasi. Kisha nikajiuliza adimu ni ipi. Nikajitahidi kukumbuka maelezo ya mzee. Sikumbuki hata neno.

Fundi saa kasema bila kupepesa macho kwamba adimu ni isiyogusa. Tangu lini huyo akanitakia mema? Nimempelekea mzee inayogusa. Liwalo na liwe.

Jumamosi, 8 Machi
Mkaguzi aliinama juu ya sarafu ya baba mkwe kwa muda mrefu mno. Niliegemea ukuta. Mke wangu hakuitazama sarafu, alinitazama mimi. Hatimaye mkaguzi akainua kichwa, akasema ndiyo yenyewe, mguu unagusa, na imetunzwa vizuri ajabu.

Baba mkwe akanikumbatia mbele ya watu, akaniita mwanangu. Nilitaka kulia, nikalia kidogo. Fundi saa alileta ya kwake isiyogusa, mkaguzi akasema ni ya kawaida, akairudisha mfukoni. Kumbe hakunidanganya, maskini, hajui tu.

Nimemshukuru Mungu na nimeapa. Cha mtu sitakigusa tena maishani.

Jumapili, 9 Machi
Nimelala usingizi wa mtoto mchanga. Asubuhi wageni watatu wamebisha hodi. Walikuwa maonyeshoni jana, wakamsikia baba mkwe akinisifu kwa watu kwamba nina jicho pevu. Nao wana sarafu wasizozijua, wanaomba msaada wa mtaalamu. Mke wangu kanitazama kwa fahari, mara ya kwanza tangu tuoane.

Nimewaambia kazi hii haitaki haraka. Kila mmoja aniachie sarafu zake wiki moja, nizichunguze kwa utulivu. Wameziacha na kunishukuru sana. Za kwangu zinazofanana nazo nimeshazitoa kabatini.