Dawa ya Miguu ya Theluji

Jumatatu, 3 Mei 2004
Twaha kapiga simu dukani kwa Stefano! Mtoto wa dada yetu Zuleha, yule anayebeba mizigo ya wageni Mlima Kilimanjaro. Mwezi huu wageni haba, bosi wake kamruhusu kupandisha ndugu mmoja. Mmoja tu! Na wajomba tuko wawili, mimi na mdogo wangu Ausi wa Ruangwa. Tukubaliane wenyewe, kasema, ila njia imefunikwa na theluji, inateleza kama sabuni, na mwenye kidonda mguuni anarudishwa getini. Umri wote huu nimeona vumbi la Nachingwea tu. Yarabi, nionyeshe theluji kabla ya sanda.

Jumanne, 4 Mei
Ausi kaja na basi la asubuhi. Na buti kabisa! Kaazima kwa mgambo. Nikamwambia umri wake haufai. Akanikumbusha mkubwa ni mimi. Mke wangu Mwamini akacheka mpaka akaweka ungo chini: mtu anayejifunika blanketi mbili mvua ikinyesha, huko atakwenda kufanya nini?
Baada ya Alasiri nikamuuliza Shekhe Amiri kama theluji inafaa kutawadhia. "Masoudi, ikiyeyuka si maji? Wewe kwanza fika." Msikiti mzima ukacheka. Nitafika!

Jumatano, 5 Mei
Nimefanya jambo. Nimechemsha maganda ya korosho, nikapata yale mafuta yanayobabua mikono ya wabanguaji wasiojipaka majivu. Nikatia mafuta ya ufuta, na karafuu kuua harufu. Nikamwambia Ausi ni dawa ya baridi, apake miguuni kila usiku. Malengelenge mawili matatu tu, yatapona, na mimi nitakuwa nimeshaondoka. Akanikumbatia. Eti hana mtu duniani kama kaka yake. Nikamsogezea sahani yangu ya ugali.

Ijumaa, 7 Mei
Ardhi, nimeze! Ausi hakupaka. Juzi baada ya Isha alimsikia Shekhe akilalamikia magoti, akampa chupa nzima, hakujibakizia hata tone. Leo Shekhe kaletwa msikitini kwa baiskeli. Magoti yamevimba kama maboga, ngozi imebabuka. Kasalisha amekaa kitini. Na hotuba yake! Wema wa ndugu wawili, Masoudi na Ausi, waliomhangaikia mzee wao. Dawa ni nzuri, akasema, kosa ni lake, alipaka mno. Mimi niko safu ya mbele. Kila nikiinuka kwenye sijida, magoti yale yananitazama. Kanzu imelowa jasho. Nilitaka kusimama niseme. Nikaitikia amina.

Jumamosi, 8 Mei
Ausi hataki tena mlima. Anasema chupa aliitoa yeye kwa mkono wake, kwa hiyo atabaki kumtilia Shekhe maji ya udhu mpaka atembee. "Nenda wewe, kaka. Ukatuonee hiyo theluji." Akavua buti, akanipa. Nikalia mbele yake. Akadhani furaha! Mwamini hakudhani. Aliinua ile sufuria yangu, akainusa, akanitazama, akaitoa uani. Bora angenipiga nayo.

Jumapili, 9 Mei
Basi ni kesho alfajiri. Nimetubu, nimelia, mkeka umelowa. Shekhe kanitumia soksi zake za sufu na dua. Jamani, soksi zake!
Twaha kapiga tena. Theluji imeanguka upya, alama za njia zimefukiwa. Nikanyage alipokanyaga aliye mbele. Jana watu wawili walishushwa, vidole vimekufa ganzi. Miguu, mjomba, iwe mikavu na yenye joto.
Joto! Nikatoka uani. Ndani ya ile sufuria mafuta yamebaki kidogo. Shekhe, mwenye elimu yake, si kasema mwenyewe, kosa lilikuwa kupaka mno? Basi mimi nimepaka kiasi, nyayo na vidole tu, nikavaa soksi za Shekhe juu yake.
Tayari nasikia joto. Alhamdulillahi, linapanda vizuri.