Isogai na Tiketi Namba Moja ya Kasri la Damu

Sogeeni, enyi wa mbali na wa karibu, zimeni redio zenu, mpate kusikia jinsi Isogai wa Kiryu, mlinzi wa mabomba ya majitaka ya manispaa, mwenye kitambi cha heshima na miwani ya ukungu, alivyotoka kwake saa mbili asubuhi kwenda kuuteka mchezo wa video wa Kasri la Damu, wa kumi na mbili katika ukoo wake, ule wa kuchezwa kiganjani, alioungoja miaka tisa kwa subira ambayo mkewe hakuwahi kuionja hata siku moja.

Nadhiri yake ilikuwa tiketi ya foleni namba moja, ile apewayo mnunuzi wa kwanza siku mchezo unapotoka. Kumi na moja za awali alizipigilia ukutani, zote namba moja, na akiikosa hii, aliapa, ameishi bure.

"Uniletee na mayai," akasema mkewe, Chizuru.

"Mwanamke! Aendaye kuwakabili wanyonya damu elfu hatumwi mayai!"

"Haya, shujaa. Chukua mwavuli basi."

Akauchukua.

Ole wake! Mbele ya duka la michezo la Nemoto aliikuta foleni ya watu thelathini, imenyooka, kimya. Jeshi zima! Lakini mtu wa Kiryu akiona foleni huingia mwisho wake, wala haulizi ni ya nini, maana kuuliza ni kusumbua watu. Akasimama kwa muda wa saa mbili, akiwachukia kwa moyo wote vikongwe wenye vikapu waliomtangulia, hata akafika mbele na kukutana uso kwa uso na karai la mafuta.

"Katlesi ngapi, bwana?"

Ilikuwa foleni ya jirani, muuza nyama. Na kuondoka mikono mitupu mbele ya watu wote wale, aibu hiyo hakuiweza.

"Sita," akanong'ona shujaa.

"Mwanangu, ulivyokuwa unahema nyuma yangu!" akasema kikongwe mmoja. "Una njaa ya tangu lini?"

"Ya miaka tisa, bibi."

Kisha akalivamia duka la Nemoto, katlesi mkononi. Lilikuwa tupu.

"Wangapi wamenitangulia? Sema, nife nikijua!"

"Hakuna mtu, Bwana Isogai. Nimeagiza mmoja tu, wako. Nani mwingine anautaka?"

"Na tiketi?"

"Tiketi ya foleni gani sasa?"

Midomo ya shujaa ikaanza kutetemeka. Nemoto, mwenye huruma kunishinda mimi, akachana pembe ya mfuko wa katlesi, akaandika: 1.

Mayai aliyasahau. Kasrini, aliuawa na popo wa kwanza kabla katlesi hazijapoa. Hayo si kitu. Iandikwe katika kumbukumbu za mataifa, na karatasi ile inayonuka mafuta ukutani iwe shahidi, kwamba siku hiyo Isogai wa Kiryu aliwashinda wapinzani wake wote, ambao hawakuja.